Kabati Lililoziba Dirisha

Fundi seremala alilitengeneza kabati lake humo humo chumbani, msimu wa mvua, karakana ilipokuwa inavuja. Akaranda, akapiga msasa, akapaka vanishi mpaka likang'aa kama uso wa bwana harusi. Lilipokamilika likagusa dari, na ndipo alipogundua kwamba halipiti mlangoni. Mwingine angeona haya. Yeye alilisukuma hadi ukuta wa nje, likaziba dirisha la pekee, akasema, "Basi hili ni letu."

Mkewe hakubisha. Kabati lilikuwa zuri, haki yake lipewe.

Shida ilikuwa jiko. Mwenye nyumba alikuwa amepiga marufuku kupikia barazani, eti moshi unamharibia rangi ya ukuta. Mapafu ya wapangaji hakuyapaka rangi yeye. Kwa hiyo maharage yakawa yanachemkia ndani, moshi unatafuta dirisha unakuta vikombe vya wageni. Kabla mvua haijakatika, mtoto akaanza kukohoa. Akinyonya, analiachia titi ili avute pumzi, anamtazama mama yake kama anayeuliza hewa imekwenda wapi.

Ukoo ukakutana kumtibu kwa maneno.

"Meno hayo," alisema mama mkwe. "Baba yake alikohoa hivi hivi, na leo si anabeba magogo?"

"Meno gani, Mama? Mbona yameshatoka?" alisema wifi. "Maziwa ya huyu wifi yangu ni mepesi. Mtoto ananyonya maji."

"Ni macho ya watu," alisema Fundi, huku akilifuta kabati vumbi kwa kitambaa laini. "Tangu tupate hiki kitu, majirani hawana usingizi."

Meno yakashtakiwa, maziwa yakashtakiwa, majirani wakashtakiwa. Kabati halikuitwa hata kutoa ushahidi.

Homa ilipopanda, mama akamkimbiza zahanati. Muuguzi alimpa mtoto dawa, kisha akauliza, "Mnapikia wapi?"

"Ndani."

"Dirisha lipo?"

"Lipo."

"Linafunguka?"

"Kuna kabati."

"Mdogo wangu, dawa itamsaidia. Lakini ukimrudisha kwenye moshi utamleta tena, na siku nyingine utachelewa."

Nyumbani akamweleza mumewe. Fundi akacheka kidogo. "Nilikate kabati? Unajua huu ni mti gani?"

"Sijui. Najua mtoto huyu ni wa nani."

Fundi akavaa viatu, akaenda kazini.

Mkewe akashusha vikombe kimoja kimoja, akachukua msumeno wa akiba, akaanza kuukata mgongo wa kabati. Mama mkwe akamkuta katikati ya kazi, vumbi la mbao nyweleni. Mkono wa mkaza mwana ukasita. Bibi akamwinua mjukuu aliyekuwa analia mkekani, akamlaza begani, akasikia kile kifua kikikoroma juu ya kifua chake.

"Kata," akasema. "Mumeo akiuliza, mwambie meno yamelitafuna."

Dirisha likafunguka kwa mlio. Jiko likasogezwa mbele ya tundu la kabati.

Fundi alirudi, akalizunguka kabati lake kama mtu aliyefiwa, hakula. Lakini siku zilivyopita, kikohozi kikalegea, na jioni moja mtoto akanyonya mpaka akashiba bila kuliachia titi. Fundi aliona. Akajifanya anatafuta misumari.

Jirani wa chumba cha pili ndiye aliyemwokoa na aibu. Aliingia kuomba chumvi, akaona vikombe viking'aa kwa mwanga wa nyuma, akashika kiuno. "Fundi, huu mtindo gani?"

Fundi akasafisha koo. "Mpya. Nimeubuni mwenyewe."

Jirani akaagiza lake, lenye tundu vile vile. Likafika, likaegemezwa ukuta mtupu. Dirisha lake likabaki upande wa pili, limezibwa kwa blanketi, maana na yeye ana mtoto anayekohoa, na kwao wamekubaliana kwamba kosa ni la upepo.

Mke wa Fundi akambeba wake mgongoni, akaenda kulishusha lile blanketi.