Dawa za Sukari

Nikiwa barazani nilikuwa nakunywa chai bila sukari. Nikiwa ndani, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, Mama alikuwa akinitilia sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Ndivyo nilivyoishi tangu nitoke hospitali mpaka siku ninayokusimulia, na kama unadhani nafanya mzaha, ungekuja ukae barazani kwetu uninywee ile chai ya nje.

Mtaa mzima ulijua nina kisukari. Mama ndiye aliyenipa. Sikurithi wala sikuzembea kula; nilipewa kwa mdomo, siku ile majirani walipouliza mbona kijana haonekani. Mama alikuwa anaanika nguo. Akasema bila hata kugeuka, "Sukari imempata, wamemlaza." Wakampa pole, wakamsaidia kuanika, na habari ikawa ndiyo hiyo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye wodi ambayo madirisha yake yana nondo na mlango wake hufunguliwa kutoka nje tu. Mimi ni fundi makochi, nafanya kazi kwenye karakana ya mjomba, nyuma tu ya nyumba yetu. Kabla ya kulazwa nilikuwa nasikia mtu akizungumza ndani ya sponji. Alikuwa ananisema. Nikachana kochi moja kumtafuta, nikachana na la pili, na mjomba alipofungua karakana asubuhi alinikuta nimekaa katikati ya makochi ya wateja, yote matumbo nje, nalia kwa sababu yule mtu amenikimbia. Mjomba aliwaambia wateja ni panya. Mpaka leo kuna mteja mmoja kila akipita anauliza kama tumeshawatia sumu wale panya, na mimi ndiye ninayemjibu kwamba tumeshawatia, wameisha.

Sasa nimepona, au tuseme niko sawa maadamu nameza dawa. Yule wa kwenye sponji amenyamaza. Navuta kitambaa kwenye kona mpaka hakuna mkunjo, napiga misumari, na mjomba ananiachia ule mkasi mkubwa bila kugeuka kunitazama. Ugonjwa uliondoka lakini aibu ilibaki, na aibu nayo ilitaka kufichwa.

Kuficha ni kazi. Nilikuwa nikishika soda, mtu ananipokonya. "We kijana, unataka kumuua mama yako kwa presha?" Wenzangu kazini walikuwa wakiniita Bwana Sukari. Na mkali kuliko wote alikuwa Mama Vifungo, kwa sababu yeye kisukari anacho kweli.

Mama Vifungo anauza vifungo, zipu, lastiki na nyuzi kwenye duka linalotazamana na nyumba yetu. Nyuzi zetu za makochi tunachukua kwake. Tangu aliposikia nimepatwa alinifanya mwenzake. Alikuwa akiniita "mgonjwa mwenzangu," ananikagua nyayo nisije nikawa na kidonda nisichokijua, kisha ananikalisha kwenye kigoda na kunimiminia chai. Juu ya meza yake kuna kopo la sukari la wateja. Nikilisogelea tu ananipiga kofi mkononi. "Hilo si letu sisi," anasema, na tunacheka. Nilipenda alivyokuwa akisema "sisi." Nasema hivyo kwa haya kubwa, maana ile "sisi" ilikuwa ya wizi.

Siku moja nilirudi nyumbani mchana. Baada ya kula huwa nameza kidonge, kwa hiyo nikashusha kopo la dawa kutoka juu ya kabati. Pakiti moja haikuwepo.

"Mama, nani kagusa dawa zangu?"

Mama alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea kuisugua ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Nimemgawia jirani," akasema. "Za kwake zimekwisha, na zahanati wamemwambia mzigo haujafika. Kaja asubuhi kaomba za kwako za kujishikiza."

"Jirani yupi? Mama Vifungo? Mama, zangu si za sukari!"

"Punguza sauti."

"Umempa mgonjwa wa sukari dawa za..."

"Punguza sauti, nimesema!" Alifunga dirisha kwanza, ndipo akanijibu. "Ulitaka nimwambie nini? Mtu ana ugonjwa mmoja na mwanangu, anaomba vidonge, nimnyime? Angeniona nina roho mbaya. Na angeuliza kwa nini. Wewe mwenyewe si vinakuletea usingizi tu? Atalala, ataamka."

"Na asipoamka?"

Sufuria ikamponyoka. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba hofu haikumwingia wakati ule. Alikuwa nayo tangu asubuhi, na alikuwa akiisugua pamoja na hiyo sufuria.

"Alisema atameza akishakula," akaniambia kwa sauti ndogo.

Nikatoka mbio, pekupeku.

Mama Vifungo alikuwa nyuma ya meza yake ya duka. Sahani ya chakula alikuwa ameshaisukuma pembeni, tupu. Fundi cherehani mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa akilinganisha zipu na kitambaa. Pakiti yangu ilikuwa mezani, kando ya mkasi wa kukatia lastiki, na kidonge kimoja kilikuwa tayari kiganjani mwa Mama Vifungo.

"Usimeze!"

"Karibu, mgonjwa mwenzangu. Mbona huna viatu? Unatafuta ukatwe mguu?"

"Mama, usimeze hicho. Hiyo si dawa ya sukari."

Alinitazama, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyevunjwa moyo. "Ahaa, umekuja kudai. Mama yako kanipa kwa moyo mweupe, wewe ndiye unayeninyima? Nitakurudishia, mwanangu. Zikifika tu."

"Sikunyimi. Mimi sina sukari. Sijawahi kuwa nayo."

"Huna? Na ule muda wote ulilazwa kwa ajili gani?"

Fundi cherehani akaacha zipu zake. Pale hospitali daktari alikuwa na jina la ugonjwa wangu, refu, la heshima, lakini jina lile lisingemzuia mtu wa mtaani kwetu kumeza kidonge. Angedhani ni tawi la kisukari. Hapa kwetu kuna neno moja tu ambalo kila mtu analielewa.

"Nililazwa kwa wazimu," nikasema.

Uso ulikuwa unaniwaka. Nikamweleza yote, wodi, nondo, sponji, na kwamba wale panya hawakuwa panya. Niliongea harakaharaka, jasho linanitoka, miguu ina vumbi, na huku naongea nilikuwa najiona ninavyoonekana.

Mama Vifungo akakiweka kidonge mezani taratibu. Kisha, bila kuniondolea macho, akauchukua ule mkasi, akautia kwenye droo na kuifunga.

Mimi mkasi nashika kutwa. Wangu ni mkubwa kuliko wake mara mbili. Wodini walinivua nguo mbele ya watu kutafuta kama nimeficha chochote cha kujidhuru, na sikuona aibu kama niliyoiona droo ile ilipofungwa.

Hapo Mama akaingia anahema, mtandio umemkaa upande. Akaniona mimi, akamwona fundi cherehani alivyokodoa macho, akajua nimeshasema. Na mama yangu, ambaye nampenda hata ninapomlaumu, akafanya lile analolijua.

"Msimsikilize," akasema akitabasamu. "Sukari imempanda. Ikimpanda huwa anapayuka hivihivi."

Mama Vifungo alishusha pumzi. Alifurahi, nilimwona. Alikuwa anataka sana kurudishiwa mwenzake wa chai.

"Nilijua tu!" akasema. "Hata mimi ikinipanda naongea ovyo." Akakiokota kidonge, akavuta kikombe cha maji.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilitaka akimeze. Ningerudi kwenye kigoda changu. Mkasi ungetoka kwenye droo.

Halafu nikalivuta lile kopo la sukari. Nikajaza kijiko, nikabugia. Nikajaza kingine.

"Mzuieni!" fundi cherehani akapiga kelele. "Anajiua huyo!"

Mama Vifungo alisimama, kidonge kikamwanguka. Nikabugia tena. Sukari ilinijaa kwenye meno, ikanimwagikia kidevuni na shatini, na machozi nayo yakaanza kutoka. Mdomo ulikuwa umejaa, lakini nilisema hivyohivyo. "Nisubirini nianguke. Si mnasema nitaanguka? Nisubirini basi."

Sijawahi kufanana na mwendawazimu kama nilivyofanana naye pale, hata siku ya makochi. Nilikuwa na akili zangu zote, na nilizitumia kusimama dukani kwa mtu nikila sukari yake kwa kijiko. Nilitamani nianguke kweli.

Walisubiri. Sikuanguka.

"Basi, mwanangu," Mama akasema. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha. Akanishika mkono wenye kijiko, na akaongea na sakafu. "Hana sukari. Ndani kwangu anakunywa chai ya sukari kila siku. Ni akili yake iliyougua. Mimi ndiye niliyewadanganya, na wewe, jirani, nilikuwa nakuacha umeze."

Akanipangusa kidevu kwa ncha ya mtandio, mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Fundi cherehani alichukua kitambaa chake, akaondoka bila zipu. Mama Vifungo akakaa chini polepole, akakitazama kile kidonge pale kilipoangukia, kisha akaiokota pakiti mezani. Nikanyoosha mkono niipokee. Akaupita mkono wangu, akampa Mama.

"Mchukulie dawa zake," akamwambia. "Mpeleke akapumzike."

"Kesho naweza kukusindikiza hospitali kubwa," nikasema. "Kule dawa za sukari hazikosekani."

"Mwambie asante," akamwambia Mama.

Nikaanza kushusha mkono. Mlangoni watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, na nilijua Mama ataificha pakiti kifuani na kunivuta tuondoke, kama tulivyozoea kuondoka mahali. Mikono yake ilikuwa bado ina povu la sufuria. Aliitazama pakiti, akawatazama wale wa mlangoni, kisha akairudisha mkononi mwa Mama Vifungo, akamfumba vidole juu yake.

"Ni zake," akasema. "Mpe mwenyewe, jirani. Mkononi."

Mama Vifungo alichelewa. Mkono wangu ulikuwa unanata kwa sukari, nao sikuushusha tena. Mwishowe akaiweka kiganjani mwangu kwa ncha za vidole, na Mama akasimama palepale, akitazama, mpaka alipoiachia.