Mjane wa Kisima cha Harkett

Madaktari watatu wa Melbourne walichungulia koo la Leonora Tresidder, na wote watatu wakatoka na jibu moja: anywe asali na amwombe Mungu. Asali aliinywa. Mungu naye alimwomba, tena kwa kunong'ona, maana hicho ndicho kilichobaki. Homa aliyoipata kule Wagga ilikuwa imeondoka na sauti yake yote, ile sauti iliyokuwa ikifika hadi mabenchi ya juu kabisa, wanakokaa wapiga miluzi na wala karanga, bila yeye kukaza hata mshipa mmoja wa shingo. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwigizaji mkuu wa kike katika kundi la Bwana Barnaby Quillan. Sasa alikuwa mshonaji wa kundi hilohilo.

Mtu asiniambie kushona si kazi. Ni kazi. Lakini hebu mkalishe mpishi uani asikie harufu ya vyungu vya wenzake mchana kutwa, halafu umwambie ashukuru! Leonora alishona kola za wanaume aliokuwa akiwaliza jukwaani, akameza machungu yake miezi minane, na akaona basi. Kaka yake alikuwa na duka la matandiko ya farasi kule Bendigo, na chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Angekwenda huko akae dukani awe anafunga vifurushi. Kila akikifikiria chumba kile alihisi kama amefunikwa blanketi zito usoni.

Hapo ndipo Quillan alipoamua kuuingiza mchezo wake kwenye sinema. Si kwamba aliipenda sinema, aliiita "shuka lenye homa." Lakini watu walikuwa wanapita mbele ya mlango wake kwenda kulitazama hilo shuka, na mwenye macho haambiwi tazama. Basi akapata kiwanja nyuma ya zizi la ng'ombe wa maziwa kule Heidelberg, akasimamisha kuta zake za turubai juani, bila paa, kwa sababu kamera inataka mwanga. Upepo ukivuma, nyumba nzima inacheza. Chini kwenye nyasi walilaza kamba, na mwigizaji akiivuka kamba hiyo amekwisha, kamera haimwoni tena.

Mchezo wenyewe ulikuwa ule wa mjane wa kisima cha Harkett, ambao kundi liliuzungusha kuanzia Geelong hadi Kalgoorlie. Mjane alikuwa Leonora siku zote. Safari hii Quillan alimpa nafasi hiyo Ivy Maddern, binti wa miaka ishirini na mmoja mwenye sauti kama kengele ya kanisa.

"Lakini sinema haina sauti," Leonora alimnong'oneza Quillan wiki nzima, akimfuata huku na huko na sindano mdomoni. "Nirudishie nafasi yangu, Barnaby."

"Bi Leonora, usinichoshe. Sinema haina sauti, sawa, lakini sisi tunasimama nyuma ya shuka tunaisemea, neno kwa neno. Watu wa Collingwood hawatoki majumbani mwao kuja kutazama mabubu. Wewe utasimama nyuma ya shuka ufanye nini? Upulize moto?"

Waliokuwa karibu walicheka. Leonora alirudi kwenye hema lake la kushonea, akalia kidogo, akapenga kamasi, akaendelea na kazi.

Siku ya kwanza ya kupiga picha, saa nne asubuhi, nyuki alimchoma Ivy kwenye ukope. Jicho likaumuka kama andazi. Clarence Bewick, aliyeigiza adui wa mjane, alikuwa anagombana na mpiga picha, Fergus Dunphy, juu ya rangi ya mashavu.

"Mzee Bewick, kapanguse hiyo rangi. Nyekundu ikiingia kwenye filamu inatoka nyeusi. Utaonekana umetoka kufagia dohani."

"Kijana, rangi hii nimeipaka tangu hujazaliwa!"

"Ndiyo maana haibanduki."

Quillan hakuwa na muda wa mizaha. Jua lilikuwa linapanda, farasi wa kukodi alikuwa anakula maua ya jirani, na mjane alikuwa na jicho moja. Akazunguka mara mbili huku akijipiga paja kwa kofia, kisha akapayuka kuelekea hemani: "Leonora! Vaa gauni la Ivy! Upesi!"

Upesi kweli. Hakupata nafasi ya kupaka hata poda usoni. Alitoka na nywele alizozibana kwa ajili ya kazi, na moyo unamwambia: hii hapa, usiiachie.

Tukio lilikuwa fupi. Mke amesikia kwato, anajua mumewe amerudi kutoka machimboni, anafungua mlango. Nje yuko farasi peke yake, tandiko tupu. Ndipo anapojua. Kwa miaka yote jukwaani tukio hilo lilikuwa na yowe ambalo watu wa Ballarat walikuwa wakiliongelea tangu Jumamosi hadi Jumatano.

"Zungusha!" Quillan akaamuru.

Dunphy akaanza kuuzungusha mkono wa kamera, tiki-tiki-tiki. Leonora akafungua mlango, akapiga hatua moja, akashika mwimo wa mlango, akainua kidevu, akatabasamu. Halafu akasimama.

Akasimama tu.

Wenye kujua jukwaa wameshaelewa. Mwigizaji mkuu akiingia kwa mara ya kwanza, ukumbi humsalimu kwa makofi, naye huyapokea kwa kutulia, kidevu juu, hadi yapungue. Kuanza kusema makofi yakiendelea ni utovu wa adabu, sawa na kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Leonora alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara. Mwili wake ulijua kazi yake, haukumuuliza. Ukatulia, ukangoja kusalimiwa.

Nzi walilia. Turubai lilipiga-piga. Akatupa jicho kushoto, akatupa jicho kulia, kisha akaangalia mbali na juu, kule ambako mabenchi ya nyuma hukaa. Palikuwa na uzio, na ng'ombe mmoja anatafuna. Hapo akazinduka. Hawapo. Watu wake hawakuwapo, na hawatakuja tena, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na tabasamu lake kama mwendawazimu. Tabasamu lilibaki midomoni wakati macho yameshaliacha. Mkono ukateleza kwenye mwimo taratibu, ukashuka, ukaning'inia ubavuni.

"Simamisha! Simamisha!" Quillan alirusha kofia chini. "Mwanamke, unangoja nini?"

"Makofi," Leonora alinong'ona, kabla hajauzuia mdomo wake.

Lo! Kicheko kilichoanguliwa pale! Bewick alijishika mbavu. "Ng'ombe hawana mikono, mama!" akasema, na Leonora akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na gauni la watu.

"Mtoeni," Quillan akasema. "Tutamngoja Ivy apone, tutarudia."

"Hurudii," Dunphy akasema. Alikuwa bado ameinama kwenye kamera yake. "Bosi, filamu niliyo nayo ni ya kumalizia mchezo, basi. Nyingine iko baharini, wiki sita. Hili la mlangoni limeshapigwa."

"Basi mengine ataigiza Ivy!"

"Hapo mjane atakuwa na nyuso mbili. Atatoka mlangoni ana miaka arobaini na tano, atafika kisimani ana ishirini na mmoja. Wanawake wote wa Melbourne watatuuliza hicho kisima kiko wapi wakachote."

Hata Ivy, mwenye jicho la andazi, alicheka. Quillan hakucheka. Alimsogelea Leonora karibu, akasema taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko makelele yake: "Haya. Tutamaliza na wewe, sina njia. Lakini Jumamosi ya kuonyesha, watu wakicheka pale mlangoni, Jumatatu ujipandie treni ya Bendigo. Hata kushona hutashona kwangu."

Leonora aliitikia kwa kichwa. Leonora alipokuwa anavua gauni, Dunphy alisimama nje ya hema akakohoa. "Bi Leonora, pale mlangoni niliona kitu kwenye kioo cha kamera. Sijui nikiiteje. Ndiyo maana sikuacha kuzungusha." Leonora alidhani anamhurumia, akamchukia kwa siku mbili nzima.

Jumamosi ilifika. Saa nane mchana ukumbi wa Collingwood ulijaa hadi ngazini: wafanyakazi wa viwanda vya viatu waliofunga kazi adhuhuri, wake zao, mikebe ya chai, pai za nyama ya kondoo zinazochuruzika mchuzi magotini. Ni watu wasio na aibu, wale. Mchezo ukiwachosha wanakwambia, tena kwa jina lako.

Leonora alikaa katikati yao amevaa kofia ya kuficha uso. Nyuma ya shuka walikuwepo Bewick, Quillan na Ivy, ambaye jicho lake lilikuwa limepona, kila mmoja na maneno yake mkononi. Ivy ndiye angemsemea mjane. Quillan alimpa amri moja: pale mlangoni, mara tu yule mama akiganda, piga yowe, tena la nguvu, ujaze lile pengo kabla watu hawajaangua kicheko.

Taa zikazimwa. Shuka likawaka. Bewick akatokea, na mashavu yake yalikuwa meusi tii, maana hakupangusa hata kidogo, na ukumbi mzima ukapiga miluzi. "Nawa uso, mzee!" mtu akapaza sauti. Nyuma ya shuka sauti ya Bewick ikayumba, ikaendelea. Leonora akaivuta kofia yake chini zaidi. Kama wamemcheka Bewick, yeye watamla mzima-mzima.

Farasi akaja, tandiko tupu. Mlango ukafunguka.

Sasa jambo moja ulijue. Mtu aliyeigiza miaka ishirini na miwili hajawahi kujiona hata siku moja. Kioo humwonyesha rangi na nywele, basi. Leonora alimtazama yule mwanamke aliyetoka mlangoni, mwenye mikunjo kandokando ya macho, anatabasamu, anangoja. Akangoja pamoja naye. Akasikia kiti kimoja kikilia, kisha kimya. Akakaza masikio kulisikiliza yowe la Ivy. Halikuja.

Mungu wangu, Ivy amesahau! Leonora alishika ukingo wa kiti. Pale shukani mwanamke aliangaza kushoto, akaangaza kulia, akaangalia mbali. Yowe bado. Tabasamu likamfia midomoni. Mkono ukaanza kuteleza kwenye mwimo, polepole, mbele ya watu mia nne wa Collingwood, na hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa. Mwanamke aliyekaa kiti cha mbele, mnene, mwenye vidole vya kushona viatu, aliweka pai yake chini sakafuni na kujifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Amejua," akasema kwa sauti ya chini. "Jamani, masikini, ameshajua."

"Nyamaza, Dorrie," mumewe akamwambia, naye alikuwa anajifuta macho kwa kofia.

Leonora alilia. Hakulia kwa huzuni, wala kwa kujionea huruma. Alilia kwa sababu alikuwa mzuri katika kazi yake, na alikuwa hajui, na sasa ameona kwa macho yake mwenyewe.

Mchezo ulipokwisha na watu wakaanza kusukumana mlangoni, Quillan alishuka kutoka nyuma ya shuka, shingo imelowa jasho. Alisimama mbele ya Leonora akiizungusha kofia yake.

"Jumatatu," akasema.

Leonora akaifikiria treni ya Bendigo.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, Heidelberg. Kuna mchezo mwingine, una mama mtu ndani yake, mama mkali. Dunphy anasema hatazungusha kamera kama si wewe. Na mimi..." Akaivaa kofia yake. "Na mimi sikatai."

"Saa mbili nitakuwepo," Leonora alinong'ona, na Quillan akaondoka haraka, maana mtu yule kuomba radhi hajui na hatajua.

Watu wa zamu ya pili walikuwa wameshaanza kuingia. Leonora hakuinuka kitini. Ivy akaja mbiombio kati ya viti, macho mekundu, karatasi za maneno zimekunjamana mkononi.

"Bi Leonora, nisamehe! Nilikuona kwa nyuma ya shuka, umegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Bwana Quillan amenifokea. Sasa wanaanza tena, nifanyeje? Pale mlangoni nipige yowe, au ninyamaze?"

Leonora alimvuta karibu hadi sikio la binti likagusa shavu lake.

"Kwingine kote nisemee, mwanangu, nakushukuru," akanong'ona. "Pale nasema mwenyewe."