Uchovu wa Brashi

Brashi hakujua uchovu ulimwanza lini. Ulimwingia polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani, na alipokuja kushtuka ulikuwa umeshafika shingoni.

Alikuwa mchora mabango, mama wa miaka arobaini na sita. Jina hilo alipachikwa na wenye maduka kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila brashi: moja mkononi, nyingine nyuma ya sikio. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride. Akiandika KINYOZI au DUKA LA DAWA, wapita njia walipunguza mwendo ili watazame. Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili anaamka akiwa hoi kuliko alivyolala. Akipanda vipandio vitano vya ngazi, moyo unamwenda mbio. Akishuka, inabidi aegemee ukuta kidogo na kujifanya anaikagua kazi yake kwa makini.

"Ni umri tu," alimwambia mumewe.

"Umri gani, Mama Mapacha? Mimi hapa nina hamsini na mbili," alijibu mumewe, dereva wa basi la shule, mtu mpole mwenye kitambi. Mapacha wenyewe walikuwa wameshakwenda chuo, na nyumba ilikuwa kimya.

Dawa ya Brashi ilikuwa chai. Alitembea na chupa yake kubwa ya chai, na kila akisikia kope zinakuwa nzito, alimimina kikombe, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga kwa mpini wa brashi iliyo safi. Kwa siku vilifika vikombe tisa. Asubuhi hakula kitu, mchana alishushia biskuti kwa soda, na jioni ndipo alipokula chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja, halafu akajitupa kitandani na simu mkononi, akitazama video za watu wanaopamba keki mpaka simu imwangukie usoni.

Mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka ilipokuja kazi ya daktari wa meno.

Daktari huyo, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, alikuwa amefungua chumba chake cha matibabu upande wa pili wa barabara kutoka karakana ya Brashi, na alitaka bango juu ya mlango. Brashi alilichora siku moja, mchana wa jua kali, huku kichwa kikimzunguka. Akalitundika, akaenda zake. Keshoye kabla ya adhuhuri daktari alisimama kwenye mlango wa karakana yake.

"Wewe ndiye Brashi?"

"Ndiye mimi, daktari. Karibu."

"Asante. Hebu twende mara moja nikuonyeshe kitu."

Walivuka barabara. Daktari akanyoosha kidole juu. Brashi akalisoma bango, akaona liko sawa. Akalisoma tena. Rangi imekaa vizuri, nafasi zimelingana.

"Sioni kosa, daktari."

"Soma kwa sauti."

"Daktari wa Maneno," alisoma Brashi. "Tunang'oa, tunaziba, tunasa..."

Akalirudia neno la tatu: Maneno, siyo Meno. Damu ilimpanda usoni. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na hajawahi kukosea hata nukta.

"Tangu asubuhi nimepokea watu wanne," alisema daktari. "Watatu meno yao hayana neno. Mmoja ni mzee anayeuliza kama naweza kuyang'oa maneno aliyoambiwa na mkwewe mwaka juzi. Wawili ni mtu na shemeji yake, wamegombana, wanataka niwaamulie. Nimewaamulia, wamepatana." Hapo akashindwa kujizuia, akaangua kicheko.

Brashi naye alitaka kucheka, lakini machozi yakawahi. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa mikono iliyojaa madoa ya rangi. "Nisamehe, daktari. Sijui nina nini. Nimechoka tu. Nimechoka kila siku, nikilala nimechoka, nikiamka nimechoka. Nitalirekebisha leo leo."

Daktari akaacha kucheka. Akachuchumaa mbele yake. "Hebu fumbua mdomo, mama."

"Mimi sina tatizo la meno."

"Fumbua tu."

Brashi akafumbua. Daktari akamwinua mdomo wa juu kwa kidole, kisha akamvuta chini ya jicho, akatazama kwa muda. "Fizi zako zimepauka kama karatasi. Bango litangoja. Kesho asubuhi nenda ukapime damu."

Hospitalini alihudumiwa na daktari kijana, mpole lakini asiyependa kuzungushwa. Majibu yalitoka: damu pungufu, madini ya chuma yamekaribia kwisha. Akachunguza kwanza kama kuna mahali damu inapotea, akaridhika, akamwandikia vidonge. Halafu akaweka kalamu chini. "Sasa niambie jana ulikula nini. Usinifiche."

Brashi akamweleza. Alipofika kwenye kikombe cha saba cha chai, daktari aliinua macho. Alipofika cha tisa, aliandika kwa kalamu nyekundu.

"Chai ukiinywa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua yale madini," alisema. "Sikukatazi chai. Kunywa vikombe viwili kwa siku, mbali na chakula, na sukari upunguze. Asubuhi ule, tena ushibe. Maharage, mboga za majani, mayai, samaki, nyama au maini ukipata. Weka na chungwa pembeni, linasaidia. Lala na kuamka saa zile zile. Tembea kidogo kidogo. Na jambo la mwisho ndilo gumu: upumzike kabla hujachoka, siyo baada."

"Nitapona lini?"

"Miezi, mama, siyo siku. Tena kutakuwa na siku utarudi nyuma. Usiogope."

Karatasi ya maagizo ya daktari Brashi aliifikisha nyumbani, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu wifi yake alikuwepo, amekuja kukaa nao kwa muda.

Wifi, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amefundisha michezo shuleni kwa miaka thelathini, na alistaafu miezi minne tu iliyopita. Alikuwa mrefu, mkavu, na filimbi bado ilining'inia shingoni mwake, maana alidai bila hiyo shingo inasikia baridi. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Niachie mimi, wifi. Kwa wiki sita nitakutoa hapa ukiwa swala."

"Daktari amesema miezi."

"Daktari hanijui."

Keshoye saa kumi na moja na nusu alfajiri, filimbi ililia chumbani. Mumewe alianguka kutoka kitandani akidhani basi limegonga kitu. Brashi alivalishwa viatu vya raba na kupelekwa uwanjani, raundi tatu. Aliporudi, glasi ya majani mabichi yaliyosagwa ilikuwa inamngojea mezani, ya kijani kama rangi ya geti.

"Hii nimeshawahi kuipaka ukutani," alisema Brashi akiikodolea macho.

"Kunywa, usiongee."

Chai ilipigwa marufuku kabisa. Sukari ilifichwa. Kwa siku mbili kichwa kilimuuma Brashi mpaka akawa haambiliki; alimgombeza mumewe kwa kutafuna kwa sauti, kisha kwa kutotafuna. Siku ya tatu mume alirudi kutoka kazini akiwa amechangamka kupita kiasi.

"Leo nimebeba watoto sitini, wote wanapiga kelele," alimnong'oneza dada yake. "Nikajisemea, ama kweli kuna utulivu humu basini."

Siku ya sita filimbi ililia na Brashi hakuinuka. Siyo kwamba alikataa. Miguu haikuitika. Alilala siku tatu mfululizo, mwili mzito kama gunia la saruji lililonyeshewa. Siku ya tatu wifi aliingia na sahani ya viazi vya kuchemsha na mayai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Filimbi hakuwa nayo.

"Nimekuua, wifi," alisema.

"Sijafa. Nimelala."

"Nilikuwa naona nakusaidia." Wifi aliukunja ukingo wa shuka, akaukunjua. "Unajua, tangu nistaafu naamka alfajiri, navaa, halafu nakaa kwenye kochi. Hakuna anayenisubiri popote. Ulipokuja na ile karatasi, nilifurahi mno. Nikasema nimepata timu."

Brashi alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumpasha, maneno ameyapanga tangu juzi. Yote yakayeyuka. Alichukua yai, akalimega, nusu akampa wifi yake.

"Mimi siyo timu, wifi. Ni mtu mmoja tena mgonjwa. Lakini saa yako ya michezo bado unayo?"

"Ninayo. Kwa nini?"

"Daktari alisema nipumzike kabla sijachoka. Mimi sijui kabla ni lini. Nikishika brashi nasahau. Nahitaji mtu wa kunisimamisha."

Wifi alinyanyua uso. Ilikuwa kama taa imewashwa nyuma yake.

Wakaanza upya. Asubuhi Brashi alikula mayai au maharage na chungwa, akiwa amekaa, siyo akiwa anatafuta funguo. Chai yake ya kwanza aliinywa saa nne, kikombe kimoja, kijiko kimoja cha sukari, na aliinywa polepole kama mgeni rasmi. Saa tatu usiku simu ililala sebuleni, naye akalala chumbani. Jioni walitembea, yeye na mumewe na wifi, mwanzoni hadi kwa fundi viatu na kurudi, baadaye hadi kwa muuza magodoro, baadaye hadi daraja dogo. Kitambi cha mume kilianza kupungua bila mwenyewe kuombwa.

Na kazini wifi alikaa kwenye kiti cha kukunja, saa mkononi. Dakika arobaini zikitimia, filimbi ililia, na Brashi alishuka ngazi, akalaza mgongo kwenye mkeka dakika kumi. Mwanzoni wapita njia walidhani kuna mechi. Wengine waliuliza nani anaongoza.

"Brashi," wifi aliwajibu.

Bango la daktari wa meno alilirekebisha wiki ya kwanza ya kuanza upya, ingawa daktari alimsihi aliache siku mbili tatu zaidi kwa sababu biashara ilikuwa imechangamka.

Mwezi wa pili aligundua kwamba amepanda ngazi vipandio vyote kumi bila kuhesabu. Wiki iliyofuata alirudi nyuma, akalala Jumatano nzima, akalia kidogo. Lakini alikumbuka alivyoonywa, akangoja, na Ijumaa akainuka. Mwezi wa nne damu ilipimwa tena. Daktari kijana aliisoma karatasi, akamgeuzia aione mwenyewe, ingawa Brashi hakuelewa tarakimu hata moja. Tabasamu alilielewa.

Ndipo ilipokuja kazi kubwa kuliko zote. Maktaba mpya ilikuwa inafunguliwa Ijumaa, na mkutubi mkuu, bwana mwembamba mwenye wasiwasi wa kudumu, alitaka maneno KARIBUNI MSOME ukutani, kila herufi ndefu kuliko mtu. Zamani Brashi angejibana siku mbili, chupa mbili za chai, akamaliza akiwa maiti. Safari hii aliomba siku nane.

Siku saba zilikwenda vizuri. Jumatano saa kumi jioni wifi alipuliza filimbi ndefu, ile ya kumaliza siku. Brashi akashuka, akaanza kuosha brashi zake. Mkutubi alikuja mbio.

"Vipi, mama, umemaliza?"

"Kwa leo, ndiyo."

Mkutubi aliutazama ukuta. "Karibuni msom," alisoma. Akameza mate. "Msom ni nini?"

"Ni msome bila e. Nitaileta kesho asubuhi."

"Lakini imebaki herufi moja tu! Mkuu wa wilaya anakuja Ijumaa! Akipita leo je? Malizia tu, mama, ni nusu saa."

Brashi aliisikia ile nusu saa ikimwita. Mikono ilikuwa bado imara, rangi ilikuwa bado mbichi koponi. Alimtazama wifi yake. Wifi safari hii alitazama pembeni, akamwachia mwenyewe. Brashi akafunga kopo.

"Bwana mkutubi, nusu saa hiyo ninayo. Ila nikiitumia leo, kesho nitailipa kwa siku nzima. Nenda kalale, ukuta hautatoroka."

Mkutubi hakulala, hilo lilionekana machoni pake asubuhi. Alikuwa mlangoni kabla ya kila mtu. Brashi alifika saa mbili, ameshiba, amelala usingizi wa saa nane, akapanda ngazi huku akiimba kwa kinywa kilichofumbwa. Herufi ya mwisho ilitoka kwa mipigo minne, kingo zake safi kama zimekatwa kwa wembe. Mkutubi alirudi nyuma hatua ishirini, akatazama, mabega yakamshuka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ningeidai jana, isingetoka hivi," alikiri.

"Isingetoka," alikubali Brashi.

Kwa shukrani mkutubi alimwandikia Brashi kadi ya uanachama, ya kwanza kabisa ya maktaba ile, akamwambia achague kitabu chochote. Brashi hakuwa amesoma kitabu tangu mapacha wazaliwe. Alichagua kinene, cha hadithi ya safari, wifi akachagua cha bustani. Usiku ule Brashi alisoma kurasa kumi na nne, akafunga kitabu, akalala kwa hiari yake. Asubuhi, akimenya chungwa, alimsimulia mumewe zote kumi na nne, kwa sauti za wahusika na vituko vyao, mpaka basi la shule likachelewa kutoka kwa dakika sita.