Mashine Iliyolala na Mwamshaji Wake

Tak.

Mlio mdogo tu, kama kifuniko cha birika kinapokaa mahali pake. Kulikuwa hakujapambazuka. Nilipofumbua macho sikuona hata taa ya varanda ya jirani, nikajua umeme umekatika. Lakini umeme ukikatika, mashine ya hewa ya mume wangu huhamia kwenye betri ikaendelea kunguruma. Sasa ilikuwa kimya. Nikamgusa shavu. Lilikuwa la baridi, na mdomo wake wazi.

"Mke mwenza!" nikaita. "Amka, mashine imenyamaza!"

Mjukuu wetu alikuwa amelala sebuleni. Tangu alipoanza kutembea babu yake humwita mke mdogo, na ndivyo mimi nilivyopata mke mwenza. Alikuja pekupeku, simu inamulika mkononi, akazima swichi na kuiwasha tena. Mashine ikajivuta, taa moja moja, huku nikimpepea mzee kwa ncha ya shuka. Hatimaye pampu ikanguruma, hewa ikapita mrijani, naye akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Mjukuu akakaa sakafuni. "Bibi, ni mimi. Hii ni kazi yangu."

Huyu mtoto ameajiriwa na karakana inayotengeneza mashine hizi. Ndani ya kila mashine kuna kompyuta ndogo, naye anaandika kiini chake, ile sehemu inayotawala vifaa vyote: nani apewe umeme, nani alazwe, nani aamshwe. Kwa kuwa umeme wetu ni wa kuja na kuondoka na betri ilikuwa haifiki mbali, jana yake jioni alikuja kumwekea babu kiini kipya cha kubana matumizi. Mashine ikiwa kwenye betri, mtu asipovuta pumzi pampu inalazwa. Mtu akivuta, inaamshwa. Alitaka babu yake awe wa kwanza kufaidi.

"Na nani anaiamsha?" nikamuuliza.

"Kihisi. Hicho kidude hapo mrija unapoanza. Kinasikia pumzi, kinakiambia kiini, kiini kinaamsha pampu."

Alichomeka waya wa kompyuta yake kwenye mashine, akasoma kioo, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimekilaza nacho kihisi," akasema. "Kule kazini mezani kihisi kilikuwa na waya wake wa umeme. Humu kinapata umeme kupitia pampu. Nikilaza pampu, kihisi nacho gizani, na king'ora gizani."

"Kwa hiyo wa kuamsha wenzake naye amelala."

"Ndiyo, Bibi. Na pumzi za Babu ni nyepesi. Mimi nilijaribu kwa zangu. Yeye akisinzia tu, mashine inahesabu kwamba hakuna mtu."

Hakuna mtu. Na mume wangu yuko pale, mkono wake juu ya wangu.

Mtungi wa hewa wa akiba ulikuwa umekwisha. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa amesikia sauti yangu. Akaingia baada ya kuvua viatu mlangoni, asimshtue mgonjwa. Mumewe, dereva wa lori, hakungoja kuombwa. Alishaondoka kwenda hospitali kutafuta mtungi mwingine, na shati amelivaa ndani nje. Muuguzi tuliyempigia simu alisema mzee asitolewe nyumbani bila mtungi, njia ni ndefu. "Na mama, nakuomba, asisinzie," akasema, akakaa kwenye simu mpaka nilipoacha kulia.

"Si urudishe kiini cha zamani?" jirani akamuuliza mjukuu wangu.

"Nilikifuta, shangazi. Nilijiamini." Alikuwa ameshaanza kuandika kingine.

"Mwanangu, haraka haraka..." nikaanza.

"Bibi, leo usinipe methali."

Alikuwa na haki yake. Nikamgeukia mzee.

"Usilale wewe."

"Nimechoka."

"Umechoshwa na nini? Kulima hulimi, vyombo huoshi."

"Niliviosha."

"Lini?"

"Alipokuja mama yako."

"Ukavunja sahani ukaificha chini ya kochi!"

"Babu!" jirani akadakia. "Mtu mzima na nguo zako! Mama mkwe akaikalia?"

Akacheka, na cheko lile lilimgharimu, maana alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikamfuta. Nikamuuliza habari za kaka yake, za kiwanja, za yule mbuzi aliyekula kitabu cha shule. Nilimchokoza kwa mambo niliyokwisha kumsamehe zamani. Macho yakawa yanafumba, nami nambana mkono, Mungu anisamehe, nambana mkono mkavu kama jani.

"Niache kidogo tu," akaniomba.

"Sikuachi."

Akasinzia katikati ya neno. Tak. Mjukuu akairukia swichi. Safari hii taa zilichelewa, na ilipowaka ya betri ilikuwa nyekundu. Jirani alikuwa anampepea kwa gazeti, mimi namwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hata watoto wetu hawalijui. Aliporudi, alirudi polepole.

"Nimemaliza kuandika," mjukuu akasema. "Sasa nalaza mota ya pampu peke yake. Sehemu inayolisha kihisi na king'ora inabaki macho, hata wengine wote walale. Na kihisi nimekitaka kisikilize hata pumzi ndogo. Lakini kuingiza kiini hiki lazima nizime, na itachukua muda mrefu kuliko mara zile."

Mzee akainua kidole. "Zima, mke mdogo. Nitakushikia pumzi."

Akazima. Sitaki kueleza muda ule. Nitasema tu kwamba jirani alinishika mabega kwa nyuma, na mjukuu wangu yule, akiwa anasubiri, aliushika ule mrija viganjani akaupasha joto, usimguse babu yake ukiwa wa baridi.

Pampu ikanguruma.

"Imepona?" nikauliza.

"Sijui, Bibi. Tutajua akisinzia."

Mimi niliyepigana na usingizi wake tangu gizani, sasa nimwachie? Nilimtazama mjukuu, naye alikuwa anatazama sakafu. Betri ilikuwa inakaribia kwisha. Kama ni kujua, tujue sasa. Nikauinamia uso wa mume wangu.

"Lala, mzee."

"Leo mnanichezea," akanong'ona, akafumba macho.

Kifua chake kikashuka. Mota ikalala. Ukimya ule nilidhani utanimaliza mimi kwanza. Kifua kikapanda kidogo, kiasi cha shuka kusogea tu, na hapo hapo mota ikaamka ikampa hewa. Ikalala. Ikaamka. Mjukuu wangu akajikunja akalia bila sauti, na jirani akatoka kwenda kutubandikia chai.

Lori liliwasili jua limeshatoka. Mume wa jirani aliubeba mtungi begani, akaufunga mwenyewe.

Mjukuu alikusanya nyaya zake. Alisema lazima awahi kazini azuie kiini kile kisiwekwe kwenye mashine ya mtu mwingine yeyote. Aliongea nami huku amekipa mgongo kitanda.

"Nitamtuma fundi mwingine awe anakuja kuikagua, Bibi. Mimi siigusi tena."

"Fundi gani?" Mzee alikuwa ameamka. "Anaijua pumzi yangu?"

"Babu, nusura niku..."

"Nilikuwepo. Nimeona." Akapumzika, mota ikampa hewa. "Huyo fundi mpeleke kwa wengine. Hapa uje wewe. Utakuja lini, mke mdogo?"