Mbonyezo Mmoja

"Toa kidole kwenye hicho kitufe," nilimwambia Kefa.

Hakutoa. Tulikuwa katikati ya bwawa la Mtera, juu ya pikipiki ya maji iliyozimika, na pande zote ilisimama miti iliyokufa zamani, siku bonde lilipojazwa maji, myeupe kama mifupa. Upepo ulitusukuma taratibu upande wa kusini. Huko walikuwako viboko. Mara ya kwanza nilihesabu pua tatu juu ya maji. Sasa nikaona mbili.

"Fundi, nikibonyeza mara moja tu inawaka."

"Na ikikataa?"

Kidole hakikutoka. Mita yangu ilikuwa imeshasema: volti kumi na moja nukta nne. Betri ile ilikuwa na mbonyezo mmoja, na hata huo sikuwa na hakika nao. Mimi sijui kuogelea. Koti la kuokolea nililovaa lilikuwa limechanika begani, na nilikuwa nimelishika kwa mkono wa kushoto muda wote bila kujijua.

Miaka minne imepita, na bado nikisikia stata inayojikokota najikuta nimeshika bega.

Nilikuwa nimeitwa kujibu swali moja. Wiki mbili kabla ya siku ile, kiboko alipindua mtumbwi wa Nathanaeli, mdogo wake Kefa, mbele ya macho ya watu. Henry, dereva wa pikipiki ile ya uokoaji, alitoka mbio kumfuata. Nusu ya safari injini ikazima. Akabonyeza stata, akabonyeza tena na tena, mpaka betri ikafa kabisa, na Nathanaeli akazama watu wakiwa wamesimama ufukweni. Kabla ya maziko maneno yakaanza: Henry huuza petroli ya kikundi, halafu hujazia maji. Kefa ndiye aliyeyasema kwa sauti kubwa kuliko wote, na nani angemnyamazisha aliyefiwa? Mama Anastazia, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, alisema Henry hatapelekwa polisi mpaka mashine ichunguzwe na mtu asiyejuana na yeyote pale. Ndipo wakanipigia simu mjini, mtaani kwangu Majengo.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Ufundi sikuusomea popote. Niliuokota kwa kufungua pampu za maji na pikipiki za watu, na kuandika kwenye daftari kila nilipokosea. Mashine ya majini nilikuwa sijawahi kuigusa. Niliwaambia hivyo kabla sijapanda basi. Mama Anastazia akajibu, "Ndiyo uje. Wanaojua sana tumeshawasikia."

Asubuhi ile nilianza na petroli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikishtakiwa. Nilitoa kidogo kutoka chini ya tangi, nikaitia kwenye chupa nyeupe, nikaiweka juani. Kama ingekuwa na maji, yangekaa chini. Tulingoja. Petroli ikabaki petroli, toka juu hadi chini.

Kefa akacheka cheko kavu. "Wiki mbili, fundi. Wewe ungeacha ushahidi?"

Henry alikuwa ameketi juu ya kreti la samaki, peke yake, kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Hakuinua uso.

Nikahamia kwenye umeme; betri ile iliyokufa walikuwa wameichaji upya. Injini ikivuta kasi, mita hupaswa kupanda hadi kumi na nne, hii ilishuka. Betri ilikuwa ikitoa bila kurudishiwa. Lakini betri isiyochaji haizimi injini ghafla namna ile, na nchi kavu mashine hiyo haiwashwi zaidi ya nusu dakika, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Kwa nusu dakika ilinguruma vizuri. Ugonjwa wa kuzima ulikuwa bwawani, na huko ndiko nilikolazimika kuufuata.

"Naendesha mimi," Kefa alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mashine ile, anaiosha, anaifunika turubai, anaijaza mafuta. "Asije Henry akamweka fundi sawa huko njiani."

Tuliondoka. Dakika ya kumi na moja ikakohoa, ikazima.

"Fungua mfuniko wa tangi," nilimwambia Kefa alipotoa kidole hatimaye. "Polepole."

Akaufungua. Tangi likavuta hewa ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Sote wawili tulisikia.

Tangi la petroli huwa na mpira mwembamba wa kupumulia. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Isipoingia, injini hunyonya mpaka inashindwa. Niliinua kifuniko cha mbele, nikaupata mpira, nikaufuata kwa vidole mpaka mwisho. Mwishoni palikuwa na gunzi la mahindi, limechongwa kwa kisu likavishwa kipande cha nailoni, kama mtu anavyoziba kidumu cha mafuta ya alizeti. Kazi safi. Ya mtu mwangalifu.

Nilimwonyesha Kefa nikitaka kumuuliza kama aliwahi kumwona Henry akigusa pale. Sikuuliza. Uso wake ulikuwa umeshajibu.

"Ilikuwa inatoa harufu," alisema. "Kila asubuhi nikifunua turubai, harufu ya petroli. Nikadhani inatupotea. Nikauziba mpira Jumatatu."

Nathanaeli alikufa Alhamisi.

Pua mbili zile zikazama. Maji yakawa matupu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Litupe, fundi."

"Kwanza tuwashe."

"Fundi Masudi. Nakuomba. Litupe."

Tulikuwa wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na usukani. Nilitia gunzi mfukoni mwa ovaroli nikafungua boliti ya waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Chini yake kutu ilikuwa ya kijani, nene. Hapo ndipo umeme wa kuchaji ulipokuwa ukikwama. Niliikwangua kwa kisu mpaka shaba ikang'aa, nikakaza. Nikajaribu kwa vidole, nikakaza tena. Kisha nikarudisha mfuniko wa tangi na kumpa Kefa ncha ya ule mpira.

"Puliza. Petroli isukumwe hadi kwenye kabureta, betri isiifanye kazi hiyo."

Aliuangalia mpira ule kwa muda. Halafu akautia mdomoni, akapuliza. Alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akavuta pumzi, akapuliza tena, machozi yakimtiririka mashavuni, na sikumwambia inatosha. Hatua ishirini hivi nyuma yetu maji yakavimba.

"Sasa," nikasema. "Bonyeza."

Stata ikajikokota. Mzunguko mmoja. Wa pili. Ikawaka.

Tulikwenda mpaka tukaanza kuona sura za watu ufukweni. Hapo akapunguza mwendo.

"Utasemaje?"

"Nitasema nilichokikuta kwenye mashine."

"Na mtu?"

"Mtu sikumpima, Kefa. Mita yangu haifiki huko."

Nilishuka kwenye maji ya magotini. Mama Anastazia alikuwa amesimama mbele ya wengine, khanga ameifunga kiunoni.

"Haya fundi. Mtu au mashine?"

"Petroli haina kosa, mama. Betri ilikuwa haichaji. Na tangi lilikosa hewa."

"Lilikosaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, na lilipokuja nikaona jibu lake si langu kulitoa. Nikalishika gunzi mfukoni, nikaliacha humo. Watu wakaanza kutazamana. Mtu mmoja akasema, "Ameshawekwa sawa huyu," na wachache wakacheka.

"Niulizeni mimi," Kefa akasema.

Alikuwa bado kwenye maji, hadi kiunoni, ameishikilia mashine isichukuliwe na upepo. Akaeleza yote: harufu, kisu, gunzi, Jumatatu. Hakujitetea popote. Alipomaliza, waliocheka walikuwa wakitazama mchanga. Hata Mama Anastazia alitazama chini.

Henry akainuka kwenye kreti. Akateremka majini na viatu vyake. Nilisogea katikati yao, nikidhani najua anachokwenda kufanya, lakini alinipita, akamfikia Kefa, akashika mpini wa upande wa pili.

"Vuta," alisema. "Peke yako huiwezi."

Nami nikashika nyuma. Mara ya kwanza ilitushinda.