Njia ya Kamera

Kutoka stesheni ya treni hadi chuo kikuu kulikuwa na njia mbili, na mama mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini za ulinzi wa chuo, alimchagulia binti yake ile mbaya. Hakujua kuwa ni mbaya. Aliichagua kwa mapenzi, na ndiyo maana inauma mpaka leo.

Njia ya kwanza ilipita sokoni, kwa wauza viatu na mafundi simu, kelele mpaka mtu anasahau anakokwenda. Penye wengi pana mengi, alisema mama. Huko simu hutoka mfukoni bila kuaga. Njia ya pili ilikuwa uchochoro mpana nyuma ya maghala. Ulikuwa mtulivu, na juu ya kuta zake chuo kilikuwa kimefunga kamera nne.

"Wewe pita maghalani, mama," alimwambia binti yake. "Nitakuwa nakuona hatua kwa hatua."

"Huko hakuna hata paka!"

"Paka wa nini? Mimi si nipo?"

Mwezi mzima mambo yalikwenda sawa. Zamu ya mama iliisha saa moja asubuhi, na treni ya binti iliingia saa kumi na mbili na nusu. Mama alimpokea kwenye skrini ya kwanza, mkoba mgongoni, akamkabidhi kwa ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya nne. Wenzake walimtania kuwa anaangalia tamthilia. Alicheka, akawajibu kwamba yake haina matangazo.

Jumanne moja, kwenye skrini ya tatu, vijana wawili walitokea kwenye kona ya ghala. Mmoja alisimama mbele ya binti, mwingine nyuma. Mama alidhani wanauliza njia. Kisha yule wa nyuma akaukamata mkoba.

Mama alinyakua redio. "Lango kuu! Lango kuu! Msichana anaporwa maghalani!"

Aliyejibu ni mlinzi mzee waliyemwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa kubahatisha. "Ndani ya uzio au nje?"

"Nje! Ni mwanangu!"

Nje ya uzio ilikuwa kazi ya polisi, na mlinzi aliyeacha lango alifukuzwa bila kusikilizwa. "Nakwenda, dada," alisema mzee. "Ila goti langu unalijua."

Alikwenda kweli, Mungu ambariki, lakini kutoka langoni hadi pale ni dakika sita za mtu mwenye magoti mazima. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama akawapigia polisi. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Akampigia binti. Kwenye skrini alimwona kijana akiitoa simu kwenye mfuko wa binti yake, akasoma jina lililoandikwa pale, akaizima.

Mama akaukimbilia mlango, akarudi, akaukimbilia tena. Kulikuwa na ghorofa tatu za kushuka. Akitoka hatamwona, akibaki hatamfikia. Akabaki.

Hapo ndipo alipoona jambo lililomkata maini. Upande wa kulia ulikuwa wazi, hatua ishirini tu hadi barabara kubwa yenye watu, na binti hakukimbia. Hakupiga hata kelele. Alisimama wima, akainua uso, akaitazama kamera kwa utulivu kabisa.

"Kimbia!" mama alipiga ukelele. "Kimbia, mwanangu!" Aliipiga skrini kwa kiganja. Lakini kamera zile zilipewa macho tu, mdomo hazikupewa.

Kijana wa mbele akafuata macho ya binti, akaiona kamera. Akapandwa na hasira, akamsukuma ukutani kwa nguvu zake zote. Taratibu alipofika akihema, wezi walishatoweka. Alivua koti lake, akamfunika.

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Hospitalini, mchana, wakiwa wawili tu, binti aliuliza, "Mama, ulikuwa unaniona?"

Angeweza kusema skrini iliharibika, au alikuwa ametoka kidogo. Uongo ulimfika mpaka ncha ya ulimi, akaumeza.

"Nilikuwa nakuona."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mwanangu."

Binti aliitazama dari.

"Mimi nilikuwa nasema moyoni, sasa mama yuko kwenye ngazi," alisema. "Sasa amefika langoni. Sasa yuko nyuma ya ghala. Nikajiambia, nitulie tu, nisiwachokoze, mama anakuja."