Hewa kwenye Usukani

...na neno la mwisho la kawaida alilosema mkewe, kabla maneno yote hayajawa ya hospitali, lilikuwa la usukani, alisimama mlangoni na funguo mkononi akasema usukani umekuwa mzito, hasa nikikata kushoto, naye akamjibu bila kuinua macho, mpelekee fundi, akapeleka, akarudi jioni akasema fundi ameshautengeneza, basi, na sasa fundi huyo huyo yuko mbele ya boneti iliyofunuliwa, anaonekana kiuno tu, anasema, "Kata kushoto, mzee, mpaka mwisho," na yeye anakata, magurudumu ya mbele yananing'inia juu ya jeki, injini imezimwa, eti hewa itoke kwanza kwenye mafuta ya usukani, kila kitu kwa huyu ni eti... kwa nini kitu kilichotengenezwa kife tena upesi hivi, kama si kwamba mtu alimwona mama wa watu hajui paipu wala pampu, maana wiki iliyopita wimbo ulikuwa pampu, pampu imekufa, sikiliza inavyolia, na bei ya pampu mpya ilikuwa ya kumlaza mtu njaa, hata ile iliyotumika, ya kung'olewa kwenye gari bovu, haikushikika, naye, mtu wa kudai ushahidi, akasema fungua kwanza nione, na pampu ikageuka ghafla kuwa nzima, kumbe ni paipu imechanika na sili za mpira zimekauka kwa gari kulala tangu msiba, "Mungu kakuonea huruma, mzee," alisema fundi, huruma ya Mungu au mwizi aliyekuta mwenye nyumba yuko macho... "Kulia sasa, taratibu, hatushindani," na anakata kulia, mapovu yanapanda kwenye kopo, fundi anayapokea kwa kuguna, anaongeza mafuta kidogo, na fundi huyu nani alimleta, si shemeji, kaka wa marehemu, ambaye kila akipiga simu anasema uza hilo gari nitakutafutia mteja, kikulacho ki nguoni mwako, labda wamekaa mahali wakapanga, mmoja aliharibu mwingine anunue... afadhali kuuliza. "Mara ile ulibadilisha nini?" "Mara ipi?" "Mama alipolileta. Mwaka jana." Kitambaa kinasugua chuma, kinaacha. "Sikubadilisha kitu." Haya, amekiri mwenyewe, amekula hela ya mgonjwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na mtu anakiri hivi hivi, kama anayesema saa, "Kushoto tena, mzee," na mikono inakata kushoto huku kichwa kikipanga maneno ya kumwambia, maneno ya adabu lakini yenye makali. "Usukani haukuwa na kitu," fundi anasema ndani ya boneti. "Niliuendesha mwenyewe, ukaenda kwa kidole. Nikamwambia mama aendeshe yeye nimwangalie. Alikata kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala pajani kama wa kuazima. Nikamwambia, mama, gari zima, kaangaliwe huo mkono. Wala hela yake sikuchukua." Anatunga, bila shaka anatunga, hakuna shahidi mzuri kwa mwongo kama marehemu, kesho atasema alimwachia na gari lenyewe... "Akaniambia nisikwambie. Alicheka, akasema mzee akijua ataanza kunilisha kwa kijiko kabla sijashindwa kula." Mikono inasimama katikati ya mzunguko, hilo hakulitunga, hilo ni la nyumbani, haliokotwi gereji, ile ndiyo sauti yake hasa ya kumsengenya mume mbele ya watu kwa mapenzi, na kweli mume alimlisha kwa kijiko, mwishoni, na mke akapokea huku akimtazama kama mtu aliyeshinda dau... vikombe vilivyomponyoka akasingizia sabuni, vifungo vya gauni alivyoomba afungiwe, eti kucha zimekuwa ndefu, na mume akafunga akiwa na haraka, miezi yote ile aliubeba ugonjwa peke yake, si peke yake, alikuwapo huyu mwenye grisi mpaka viwikoni, aliyeambiwa anyamaze akanyamaza, hata wiki iliyopita, alipoitwa mwizi kwa macho, alinyamaza... sasa ni nani aliyebaki wa kushukiwa, mwanamke aliyeficha mkono wake, au mume ambaye nyumba ilimwona ni mtu wa kufichwa mambo... "Mbona umesimama, mzee? Hewa bado imo. Kulia." Anakata kulia.

Asubuhi iliyofuata gari lilikata kona zote bila mlio, hata kwa kidole, lakini alikwenda gereji kabla haijafunguliwa na kusimama kando ya geti, na fundi alipofika akauliza kwa wasiwasi, "Limegoma tena?", akajibu kwamba halijagoma, kisha akamwomba, kama hana kazi nyingi, amweleze tena jinsi mama alivyocheka.